Uzio wa mbao penye mvua na upepo: kwa nini huanguka, na namna ya kuusimamisha ukadumu

Kwa jamaa wengi wazungumzao Kiswahili waliohamia Uingereza, uzio wa nyumba ni jambo dogo mpaka siku ya dhoruba. Unapoanguka, fedha hupotea, watoto hukosa mahali salama pa kuchezea, na pengine ujirani mwema huingia doa. Makala haya yanaeleza sababu za kuanguka kwake na njia za kuuimarisha.

Tarehe 18 Februari mwaka 2022, dhoruba iliyopewa jina la Eunice iliikumba sehemu ya kusini ya Uingereza. Katika kituo cha vipimo cha Needles, kwenye kisiwa cha Wight, upepo ulifikia kasi ya kilomita 196 kwa saa, kiwango cha juu kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa katika England. Eunice ilikuwa ya pili kati ya dhoruba tatu zilizofuatana katika muda wa juma moja. Desemba mwaka 2024 ikaja Darragh, iliyovuma kwa kilomita 150 kwa saa huko Capel Curig, Wales. Tarehe 24 Januari mwaka 2025, Éowyn ikavuma kwa takriban kilomita 160 kwa saa huko Scotland.

Kila mara, asubuhi iliyofuata ilileta taswira ile ile. Miti ilikuwa imelala barabarani, vigae vya paa vimetawanyika, na katika mitaa isiyohesabika paneli za uzio zilikuwa zimelala kwenye bustani za watu au zimebebwa mpaka nyumba ya tatu. Habari za uzio hazifiki kwenye vichwa vya magazeti, lakini kwa familia iliyonunua nyumba yake ya kwanza kwa mkopo wa benki, uzio ulioanguka ni gharama ambayo haikupangiwa bajeti.

Upepo usiofuata msimu

Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki amezoea upepo wenye ratiba. Kaskazi huanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kwa kuufuata mpango huo. Uingereza haina utulivu wa namna hiyo. Visiwa vyake vimekaa kwenye njia ya vimbunga vya bahari ya Atlantiki, navyo huja kimoja baada ya kingine, hasa kati ya Oktoba na Machi. Upepo wake mwingi hutoka kusini-magharibi, ingawa dhoruba moja inaweza kubadili mwelekeo mara mbili katika usiku mmoja. Tangu mwaka 2015 idara za hali ya hewa za Uingereza na Ireland zimekuwa zikizipa dhoruba kubwa majina, ili wananchi wazitambue na kujitayarisha.

Mvua nayo ina tabia yake. Kwa kipimo cha mwaka mzima, Cardiff na Glasgow hupata zaidi ya milimita 1,000, kiasi kisichotofautiana sana na cha Dar es Salaam au Mombasa. London hupata karibu milimita 600 tu. Tofauti imo katika namna inavyonyesha na inavyokauka. Masika ya Pwani humwaga maji kwa kishindo, kisha jua hutoka na kukausha ukuta kwa saa chache. Mvua ya Uingereza ni manyunyu ya siku nyingi, jua la majira ya baridi ni dhaifu, na ubao uliolowa mwezi Novemba unaweza kubaki na unyevu mpaka Machi.

Hali hizi mbili zikikutana ndipo uzio unapokuwa hatarini. Dhoruba kali huja wakati ule ule ambapo ardhi imelowa kwa majuma kadhaa na kuwa laini kama uji. Nguzo iliyosimama imara mwezi Julai huweza kutikisika kwa mkono mwezi Januari, ingawa hakuna aliyeigusa.

Hesabu ya upepo

Watu wengi hudhani kwamba upepo ukiongezeka kasi maradufu, msukumo wake nao huongezeka maradufu. Sivyo. Msukumo huongezeka kwa mraba wa kasi. Yaani kasi ikizidishwa mara mbili, msukumo huzidi mara nne.

Chukua paneli ya kawaida yenye upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 1.8 kwenda juu. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unaoipiga uso kwa uso huisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 55, mfano wa mtu mzima mwembamba aliyeiegemea. Upepo wa kilomita 120 kwa saa huisukuma kwa nguvu ya takriban kilo 225, mfano wa watu watatu wanene. Nao hausukumi kwa utulivu. Hupiga, huachia, kisha hupiga tena, usiku kucha.

Msukumo huo haubaki kwenye paneli. Hupita kwenye misumari na vibanio, huingia kwenye nguzo, na nguzo hugeuka kuwa mtaimbo. Sehemu ya juu ni mpini mrefu unaosukumwa, na sehemu iliyofukiwa ndiyo inayopambana kuizuia isichomoke. Nguzo yenye mita 1.8 juu ya ardhi na sentimita 40 tu chini yake ni mtaimbo uliotengenezwa kwa faida ya upepo.

Kwa hiyo uzio una mahali pengi pa kushindwa. Paneli inaweza kupasuka, misumari ikang'oka, nguzo ikavunjika, au ardhi ikaachia nguzo nzima pamoja na zege lake. Fundi anayefanya kazi katika nchi ya upepo hupaswa kujiuliza swali hilo kwa kila kiungo, kwa maana upepo utakitafuta kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kwa nini nguzo hukatikia ardhini

Nyumbani Afrika Mashariki, adui wa kwanza wa mbao ni mchwa. Ndiyo sababu wazee wa Pwani walithamini boriti za mikoko, ambazo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Oman na nchi nyingine za Ghuba, na ndiyo sababu mvule na mninga vina heshima yake. Uingereza haina mchwa. Kundi pekee lililowahi kuota mizizi huko, lililogunduliwa mwaka 1994 katika nyumba moja ya Saunton, Devon, lilitangazwa mwaka 2021 kuwa limeangamizwa.

Adui wa Uingereza ni kuvu inayoozesha. Ili ioteshe nyuzi zake ndani ya mbao, kuvu huhitaji vitu viwili kwa pamoja: unyevu na hewa. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Mbao iliyozama kabisa mahali pasipo hewa nayo huoza polepole mno. Ubavu wa meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ulikutwa umehifadhika ndani ya tope la bahari hata ukaopolewa mwaka 1982.

Nguzo ya uzio ina sehemu tatu. Sehemu ya juu hulowa na kukauka. Sehemu ya chini kabisa ina maji lakini ina hewa kidogo. Katikati yake, pale nguzo inapokutana na uso wa ardhi, maji na hewa vyote vipo kwa mwaka mzima. Hapo ndipo nguzo huoza, na kwa bahati mbaya hapo ndipo mtaimbo wa upepo unapokazana zaidi. Mtu akiitazama nguzo iliyokatika baada ya dhoruba, aghalabu ataona imevunjikia usawa wa majani, ilhali kipande kilichobaki ardhini na kile cha juu bado ni vizima.

Mbao zipi zichaguliwe

Mbao za bei nafuu katika maduka ya vifaa vya ujenzi hutoka kwenye misonobari na jamii zake, nazo hazina kinga ya asili. Hutegemea dawa. Dawa ya kupaka kwa brashi haitoshi kwa nguzo, kwa kuwa hukaa juu ya ngozi ya ubao. Inayotakiwa ni ile iliyosukumwa ndani kwa shinikizo kiwandani. Hata hizo zina madaraja. Daraja la 3 ni la mbao zilizo nje lakini haziigusi ardhi. Daraja la 4 ni la mbao zinazofukiwa. Mnunuzi aulize kwa uwazi kama nguzo ni za daraja la 4, kwani rangi ya kijani au ya kahawia peke yake si ushahidi.

Kila nguzo inapokatwa, moyo usiofikiwa na dawa hubaki wazi. Ncha iliyokatwa kwa msumeno ipakwe dawa upya, nayo ielekezwe juu na kufunikwa kofia ndogo, isifukiwe ardhini.

Mwaloni na mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini hudumu zaidi kwa asili yake, lakini bei yake ni kubwa. Njia iliyoenea zaidi katika sehemu zenye upepo mkali ni kutumia nguzo za zege zenye mfereji pande mbili, ambamo paneli za mbao huteremshwa kutoka juu. Nguzo hizo haziozi, na paneli iliyoharibika hubadilishwa bila kuchimba. Ni nzito, zahitaji watu wawili kuzibeba, na baadhi ya watu huona hazipendezi. Chini ya paneli huwekwa ubao mpana wa zege unaouinua mbao kutoka kwenye majani na udongo.

Misumari na skrubu za kawaida hushika kutu upesi na kuacha machozi meusi kwenye mbao. Zitumike zilizovikwa zinki kwa tabaka nene, au za chuma kisichoshika kutu.

Jambo moja la hadhari kwa wanaovunja uzio wa zamani: mbao nyingi zilizotiwa dawa kabla ya mwaka 2004 zilikuwa na mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki. Mwaka huo Umoja wa Ulaya uliizuia dawa hiyo kwa matumizi ya majumbani. Mabaki ya uzio wa zamani yasigeuzwe kuni za kuchomea nyama, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu. Yapelekwe kwenye kituo cha taka cha halmashauri.

Uzio unaopitisha upepo

Wengi hudhani uzio uliozibwa kabisa ndio unaokinga zaidi. Upepo unapoukuta ukuta usio na tundu, hupanda juu yake kwa kasi kisha huporomoka upande wa pili ukizunguka kama maji chini ya maporomoko. Mimea iliyo nyuma ya ukuta huo huweza kuvunjika kuliko iliyo wazi. Kizuizi chenye nafasi zinazokaribia nusu ya eneo lake hupunguza kasi ya upepo bila kuukasirisha, na kivuli chake cha utulivu huweza kufika umbali wa mara kumi ya kimo chake.

Wakulima wa Afrika Mashariki wanaopanda mistari ya miti kukinga mashamba wanaijua kanuni hii, na ua wa makuti au wa fito za kusuka huifuata pasipo hesabu yoyote. Kwa uzio wa mbao, njia maarufu ni kupigilia mbao kwa kupishana, moja mbele ya muhimili na inayofuata nyuma yake. Mpita njia haoni ndani, lakini upepo hupenya ubavuni mwa kila ubao. Njia nyingine ni kushusha kimo: sehemu ya chini iwe na mbao, na sentimita 30 za juu ziwe kimia cha fito nyembamba.

Paneli nyepesi zilizoshindiliwa vibao vyembamba vinavyolaliana ndizo za bei ya chini, nazo ndizo hupeperuka kwanza. Penye upepo, mafundi wengi hupendelea kujenga uzio ubao kwa ubao kwenye mihimili mitatu ya mlalo, kwa sababu ubao mmoja ukiharibika hubadilishwa huo tu.

Kabla ya kuchimba: jirani, sheria na mabomba

Katika England, uzio usiozidi mita 2 kwa kawaida hauhitaji kibali cha mipango miji. Ukipakana na barabara ya magari, kikomo ni mita 1. Kimia kinachoongezwa juu huhesabiwa katika kimo hicho. Nyumba za kihistoria na baadhi ya mitaa mipya zina masharti ya ziada, na Scotland na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zake. Simu moja kwa halmashauri ni nafuu kuliko amri ya kubomoa.

Imani iliyoenea kwamba kila mwenye nyumba humiliki uzio wa upande wake wa kushoto haina msingi wa sheria. Mahali pa kuangalia ni hati ya nyumba. Katika ramani nyingi, alama ya herufi T iliyochorwa kwenye mpaka huonyesha ni nani anayewajibika na uzio ule. T mbili zilizogusana migongo humaanisha wajibu wa pamoja. Ramani nyingine hazina alama yoyote, na hapo hakuna budi kuzungumza.

Mazungumzo hayo yana uzito hasa kwa mgeni. Jirani aliyeamshwa na kelele za sururu bila kuarifiwa hukumbuka jambo hilo kwa miaka. Aliyeelezwa mapema kazi itaanza lini, uzio utakuwa na kimo gani na nguzo zitakaa wapi, pengine atachangia gharama, au walau ataruhusu fundi apite upande wake. Nguzo na zege lake vyote vikae ndani ya ardhi ya mwenye uzio, maana ugomvi wa sentimita kumi umewahi kuwafikisha watu mahakamani na kuwagharimu kuliko thamani ya bustani yenyewe.

Mpangaji naye asishike koleo kabla ya kupata idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Uzio ukianguka, aarifu kwa barua au barua pepe, aambatanishe picha, na kuhifadhi nakala.

Shimo la sentimita 60 linaweza kulifikia bomba au waya. Nchini Uingereza mabomba ya plastiki ya maji huwa ya buluu na ya gesi ya manjano, na nyaya za umeme aghalabu huwa na ngozi nyeusi au nyekundu. Lakini mitaa ya zamani ina mabomba ya chuma na risasi yasiyofuata utaratibu huo. Makampuni ya huduma hutoa ramani za njia zake. Kwa wasikilizaji walioko Marekani, pamoja na wale wa miji ya mvua kama Seattle na Portland, ipo namba ya simu 811, ambayo mtu hutakiwa kuipigia kabla ya kuchimba ili mafundi waje kuweka alama bila malipo.

Shimo, kokoto na zege

Kazi huanza kwa uzi uliovutwa baina ya vigingi viwili, mwisho mmoja wa mpaka hadi mwingine. Mahali pa kila nguzo hupimwa kwa paneli yenyewe, wala si kwa kukisia.

Kwa uzio wa mita 1.8, kina cha chini kabisa kinachokubalika ni sentimita 60, nayo nguzo iwe na unene usiopungua sentimita 10 kwa 10. Penye upepo mkali, kwenye kilima, karibu na bahari au kwenye udongo laini, kina kifike sentimita 75 au 90. Maana yake ni kununua nguzo ya mita 2.7 badala ya ile ya mita 2.4. Tofauti ya bei ya futi hiyo moja ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua nguzo itakayobaki wima.

Upana wa shimo uwe takriban mara tatu ya unene wa nguzo, yaani sentimita 30. Kuta za shimo ziwe wima, na chini pasiwe pembamba kuliko juu. Shimo lenye umbo la bakuli hutoa donge la zege linaloteleza kutoka ardhini kama jino bovu. Mtaimbo hulegeza udongo mgumu wa mfinyanzi na mawe, na kifaa chenye makoleo mawili membamba yanayofumbata udongo huutoa bila kupanua shimo.

Chini ya shimo hutangulia kokoto za kimo cha sentimita 10 hadi 15, zilizoshindiliwa. Nguzo husimama juu ya kokoto hizo, wala haikalishwi ndani ya kikombe cha zege. Sababu ni kwamba mbao husinyaa inapokauka, na ufa mwembamba hutokea baina yake na zege. Maji huteremka humo. Yakikuta kokoto, hupenya ardhini. Yakikuta zege, hutuama na kuozesha nguzo kutoka chini.

Shimo lililojaa maji ya mvua litolewe maji na tope kwanza. Siku ya barafu kazi iahirishwe, kwani zege halishiki vizuri baridi inapokaribia nyuzi sifuri.

Nguzo hushikiliwa wima kwa mbao mbili za kuegemeza, na pimamaji huwekwa kwenye pande mbili zinazokutana, si upande mmoja tu. Kisha zege humwagwa na kushindiliwa kwa kijiti ili mapovu ya hewa yatoke. Shimo la sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 60 hubeba zege la takriban kilo 100, sawa na mifuko mitano ya kilo 20 ya mchanganyiko ulio tayari. Fundi anayedai kwamba mfuko mmoja watosha kwa shimo kama hilo ajibu maswali zaidi.

Mwisho wa zege uwe juu kidogo ya uso wa ardhi, nao usawazishwe kwa mwiko ili uteremke kila upande kama paa dogo, maji yasikusanyike kwenye shingo ya nguzo. Mchanganyiko wa haraka hushika kwa dakika chache, lakini hiyo haimaanishi kwamba una nguvu zake zote. Zege la kawaida huachwa siku kadhaa kabla ya kubebeshwa paneli, hasa wakati wa baridi, na hekima ni kuangalia utabiri wa upepo kwanza.

Yapo makucha ya chuma yanayopigiliwa ardhini kwa nyundo na kuvishwa nguzo juu yake. Hurahisisha kazi na huokoa zege, na kwa uzio mfupi mahali palipotulia hufaa. Kwa uzio mrefu kwenye udongo uliolowa, hulegea haraka.

Kati ya ardhi na ubao wa chini ibaki nafasi ndogo, au uwekwe ule ubao wa zege. Wakazi wengi wa Uingereza sasa huacha pia tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio ili kalunguyeye wapite kutoka bustani hadi bustani wakitafuta wadudu, kwa kuwa idadi ya wanyama hao imepungua. Tundu hilo halidhoofishi uzio.

Matunzo kabla ya dhoruba na baada yake

Mwezi Septemba, kabla ya dhoruba kuanza, kila nguzo isukumwe kwa mkono. Inayotikisika ndani ya zege imeoza. Inayotikisika pamoja na zege lake ina shimo fupi. Bisibisi ikididimizwa kwenye shingo ya nguzo na kuingia kama kwenye mkate, muda wake umekwisha. Majani na udongo vilivyorundikana kwenye ubao wa chini viondolewe. Mimea inayotambaa ipunguzwe, kwa sababu huugeuza uzio kuwa tanga.

Nguzo iliyooza shingoni si lazima ing'olewe. Kigutu cha zege hufukiwa kando yake na kufungwa kwa boliti kwenye sehemu iliyo nzima. Si pambo, lakini huongeza miaka, nayo huepusha kazi ngumu ya kulichimbua donge la zamani.

Onyo la dhoruba likitolewa, malango yafungwe kwa komeo, na vitu vyepesi vya bustani viingizwe ndani. Upepo ukishaanza, asiwepo mtu wa kutoka nje kuushikilia uzio kwa mikono. Paneli iliyong'oka ina uzito wa mtoto na kasi ya gari. Ikiwezekana kwa usalama, paneli zilizolegea zitolewe mapema na kulazwa chini; nguzo zilizobaki peke yake hazina tanga la kukamata upepo.

Bima na mafundi wa baada ya dhoruba

Wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba mikataba mingi ya bima ya nyumba nchini Uingereza hailipii uzio na malango yaliyoharibiwa na dhoruba, hata pale inapolipia paa na kuta. Kifungu hicho kisomwe wakati wa kununua bima, wala kisisubiri siku ya madai.

Baada ya kila dhoruba kubwa, mafundi wazuri huwa na orodha ndefu ya wateja, na pengo hilo huwaalika wababaishaji wanaobisha mlangoni na kutaka fedha taslimu papo hapo. Kinga yake ni kupata makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wasiopungua wawili, yanayotaja kina cha shimo, unene wa nguzo, daraja la dawa na ni nani atakayeondoa taka. Malipo yote yasitolewe kabla ya kazi. Aidha, mwenye nyumba asione haya kuliangalia shimo kabla halijafukiwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeweza kujua kama lilikuwa la sentimita 75 au 40.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi za mvua na upepo, ufa wa kuzibwa umo kwenye shingo ya nguzo, nao huonekana mapema kwa anayeinama kuutazama. Nguzo moja inayobadilishwa mwezi Septemba ni kazi ya mchana mmoja. Ikiachwa, huenda ikaziangusha paneli zilizo kushoto na kulia kwake mwezi Januari, wakati siku ni fupi, udongo ni tope, na fundi hapatikani mpaka majira ya machipuko.